Kula na kuzurura bandarini kaskazini mwa Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja Hamburg au Bremen, watu huniuliza mambo yaleyale: kuna wali, kuna nguruwe kila mahali, meli zinaonekana kweli? Nimeyakusanya hapa. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo miji hii nimeitazama kwa jicho la mtu wa pwani: nikifika mahali nauliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, na samaki anauzwa wapi.

## Ya kuanzia

Unazungumzia miji gani hasa?

Hamburg kwanza. Ndiyo bandari kubwa kuliko zote Ujerumani na ya tatu Ulaya, nyuma ya Rotterdam na Antwerp. Ajabu ni kwamba haiko baharini: iko kwenye mto Elbe, kama kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, na meli za makontena zenye urefu wa meta 400 zinaupanda mto huo mpaka mjini. Halafu kuna Bremen kwenye mto Weser, na mdogo wake Bremerhaven pale mto unapoingia baharini. Upande wa Bahari ya Baltiki kuna Lübeck, Kiel na Rostock. Kwa treni, Hamburg hadi Lübeck ni kama dakika 45, na Bremen ni saa moja hivi. Ukilala Hamburg, mingi ya miji hii utaifikia asubuhi na kurudi jioni.

Niende miezi gani?

Kwa kutembea, Mei hadi Septemba. Kwa kula, inategemea unafuata nini: heringi mchanga wa chumvi anaanza Juni, na mboga yao kubwa ya majani ni ya miezi ya baridi (tazama swali la mboga za majani). Mvua na upepo vipo mwaka mzima. Mwavuli hausaidii kitu pale gatini, upepo unaugeuza nje ndani. Nunua koti lenye kofia.

Sijui Kijerumani. Nitapata shida?

Kidogo sana. Vijana wengi wanajua Kiingereza. Salamu ni "Moin", asubuhi, mchana na usiku, na inatosha. Mtu wa kwetu, aliyezoea kuulizana habari za nyumbani, za kazi na za watoto, ataona kama amenuniwa. Hajanuniwa. Ukisimama naye dakika tano kwenye foleni ya samaki, ataanza mwenyewe kukueleza ni yupi wa kununua.

## Chakula

Kwa nini kila kitu ni chumvi, siki na moshi?

Kwa sababu hiki ni chakula cha mabaharia na cha watu waliopaswa kuvuka majira ya baridi bila jokofu. Ukilielewa hilo, meza yote ya huku inaeleweka, na huendi kutafuta ladha ambazo hazikuahidiwa.

Nenda Lübeck ukaone kwa macho. Kando ya lango la Holstentor, lililokamilika mwaka 1478, yapo maghala ya matofali yaliyobanana ukingoni mwa mto Trave. Yalikuwa maghala ya chumvi. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, ikaja kwa njia ya nchi kavu, na baadaye kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1398, kisha ikapakiwa melini kwenda Skandinavia walikokuwa wakivuliwa heringi wengi kupita kiasi. Samaki wakatiwa chumvi kwenye mapipa, wakauzwa Ulaya nzima, hasa kwa Wakristo wa zama hizo waliokuwa wakijinyima nyama siku nyingi za mfungo. Utajiri wa Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara ulioongozwa na Lübeck, kwa sehemu kubwa ulinuka samaki. Mtu aliyekula ng'onda nyumbani hahitaji kufundishwa zaidi.

Nikifika, nianze na chakula gani?

Fischbrötchen. Ni mkate mdogo wa mviringo, ganda gumu, ndani mwepesi, umepasuliwa na kutiwa samaki. Unauzwa kwenye vibanda vya gatini, na unaliwa umesimama. Bei ni kama yuro 4 hadi 7.

Samaki unamchagua mwenyewe. Bismarckhering ni heringi wa siki, mkali. Matjes ni heringi mchanga wa chumvi, laini na mwenye mafuta. Backfisch ni mnofu uliochovywa kwenye rojo ya unga na kukaangwa, huja na mchuzi mzito wa mayonezi na achari uitwao Remoulade. Kwa mtu wa kwetu ninashauri aanze na Bismarckhering: muuzaji anaweka jani la saladi, anamlaza samaki mpaka mkia unatokeza nje ya mkate, anamwagia pete za kitunguu kibichi, labda kipande cha tango la siki, anakukabidhi ndani ya karatasi. Unauma ganda linavunjika, siki inakupanda puani, halafu kitunguu. Inakaribia sana kachumbari na samaki baridi, ukiondoa pilipili.

Shika kwa mikono miwili na uangalie juu. Sababu iko kwenye swali la shakwe.

Matjes ni samaki mbichi?

Hajapikwa motoni, lakini si mbichi kama aliyetoka baharini sasa hivi. Ni heringi aliyevuliwa kabla hajataga, akatumbuliwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi mpaka nyama ikalainika yenyewe. Sheria inataka agandishwe kwanza ili minyoo ife. Kama roho haitaki, chukua Backfisch au samaki wa moshi. Mkunga wa moshi ni mtamu lakini ana mafuta mengi na bei yake si mchezo.

Labskaus ni nini, na mbona inaonekana hivyo?

Ni nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyopondwa pamoja na viazi, na mara nyingi bitruti, ikawa uji mzito wa rangi ya waridi. Juu yai la kukaanga, pembeni tango la siki na heringi aliyekunjwa. Kwa sura haivutii, sitamdanganya mtu. Lakini ni chakula cha melini hasa: nyama ya pipani ilikuwa ngumu na chumvi tele, kwa hiyo ilipond­wa na viazi. Ladha yake ni ya upole kuliko sura yake. Agiza sahani ndogo, mle wawili.

Sili nguruwe. Nitakufa njaa?

La. Hii ni miji ya samaki, na samaki anakuokoa. Tatizo ni kwamba nguruwe hujificha. Gayogayo wa mtindo wa Finkenwerder hukaangwa na vipande vya nguruwe wa moshi. Viazi vya kukaanga, Bratkartoffeln, mara nyingi ni hivyohivyo. Supu ya njegere pia. Sentensi ya kukariri ni "ohne Speck, bitte", yaani bila hivyo vipande vya nguruwe. Kwa Backfisch, uliza kama rojo ina bia. Baadhi ya wapishi hutumia, na inaitwa Bierteig. Labskaus nayo uliza, kuna wanaochanganya nyama.

Ukitaka nyama ya halali huko Hamburg, toka nyuma ya stesheni kuu uingie mtaa wa Steindamm, St. Georg. Waturuki, Waafghani na Waarabu wamejipanga huko: mishikaki, wali, mikate ya moto. Msikiti wenye minara miwili iliyochorwa kijani na nyeupe uko karibu hapo.

Wali na pilipili je?

Wali ni wa kwenye migahawa ya wageni. Wenyeji ni watu wa viazi. Pilipili, beba yako. Kitu kinachoitwa "scharf" kwao ni haradali, na haradali yao ni nzuri kweli, hasa kwenye Pannfisch, vipande vya samaki wa kikaangoni vinavyokuja na mchuzi wa haradali na viazi.

Nimeona watu wanabandua kamba wadogo sana. Ni uduvi?

Kwa ukubwa karibu na uduvi, ila hawa ni wa Bahari ya Kaskazini, wa rangi ya kijivu wakiwa hai. Wanawaita Krabben. Huchemshwa kwa maji ya bahari humohumo chomboni mara tu wanapovuliwa. Ukiwanunua na maganda, unabandua mwenyewe: shika kichwa na mkia, zungusha kidogo katikati, vuta. Ukiwanunua wamebanduliwa utalipa sana, na sababu ni ya kuchekesha kidogo: wengi hupelekwa Moroko kwa lori, hubanduliwa huko kwa mikono, kisha hurudishwa. Kamba aliyevuliwa mbele ya macho yako anaweza kuwa amesafiri kuliko wewe.

Kuna mboga za majani?

Kuna Grünkohl, ndugu wa damu wa sukuma wiki, majani yake yakiwa yamejikunjakunja. Wao huipika muda mrefu mpaka inakuwa nyeusi na laini, na Bremen na Oldenburg huilia na Pinkel, soseji ya nafaka na mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo rudi kwenye swali la nguruwe kabla hujaagiza. Ni ya miezi ya baridi, baada ya baridi ya kwanza ya kugandisha kuigusa shambani. Miezi hiyo utakutana na makundi ya watu wazima wakitembea vijijini na kimkokoteni cha vinywaji, wakicheza michezo ya kitoto njiani, wakielekea hotelini kula mboga. Sikutegemea kuona mboga ya majani ikifanyiwa sherehe.

Chai wanakunywa?

Nenda Ostfriesland, kule Emden na Leer, kaskazini-magharibi kabisa. Hawa ndio wanywaji chai wakubwa wa Ujerumani, kama lita 300 kwa mtu kwa mwaka. Chai ni nzito, nyingi ya Assam. Kwanza kikombeni wanaweka donge la sukari mawe, kisha wanamimina chai ya moto na donge linapasuka kwa sauti. Halafu malai kwa kijiko kidogo, inawekwa ukingoni izame na kupanda juu kama wingu.

Usikoroge. Kunywa kwa mpangilio ulivyo: malai kwanza, chai chungu katikati, utamu chini. Vikombe vitatu ndiyo heshima. Ukitosheka, weka kijiko ndani ya kikombe. Usipoweka wataendelea kumimina tu, na aibu itakuwa yako.

Vitu vitamu?

Hamburg, Franzbrötchen, andazi la mdalasini lililobanwa bapa. Lübeck, marzipan ya lozi na sukari. Duka la Niederegger limekuwapo tangu mwaka 1806. Baadhi hutiwa pombe, soma karatasi.

## Bandarini

Naweza kuona meli bila kulipia ziara ya watalii?

Ndiyo, na ni bora. Hamburg, kwenye gati la vivuko la Landungsbrücken, panda kivuko namba 62 kwenda Finkenwerder. Ni usafiri wa umma, tiketi ileile ya basi na treni za mjini. Safari ni kama nusu saa kwenda. Kaa juu, upande wowote. Utapita chelezo za kiwanda cha meli cha Blohm+Voss, mitambo ya kupakulia, na tagi zikisukuma meli kubwa kama jengo la ghorofa.

Shuka Neumühlen/Övelgönne. Kuna ufukwe wa mchanga, watu wamekaa na watoto, na ng'ambo ya mto winchi zinashusha makontena mchana na usiku. Pale ufukweni kuna jiwe la tani 217 waliloliokota mwaka 1999 walipokuwa wakichimba mto uwe na kina zaidi. Wamelipa jina, Alter Schwede, mzee wa Kiswidi, kwa sababu barafu ya kale ndiyo iliyolileta kutoka huko.

Soko la samaki la Jumapili linastahili kuamka alfajiri?

Ndiyo, ila usiende kwa ajili ya samaki peke yake. Fischmarkt lipo tangu mwaka 1703 na hufanyika Jumapili tu: kiangazi kuanzia saa 11 alfajiri, baridi saa 1 asubuhi, na saa 3 na nusu limefungwa. Saa hizo zilipangwa ili wavuvi wauze kabla watu hawajaingia kanisani.

Kinachonipeleka mimi ni wauzaji. Wamepanda juu ya malori, wanapiga kelele, wanatania wateja, wanajaza kapu la matunda huku wakiongeza nanasi, zabibu, ndizi, mpaka mtu aliyekuja kuangalia tu anaondoka na kapu zima. Mwingine anarundika samaki wa moshi kwenye mfuko mmoja na kutaja bei ileile. Mtu wa Kariakoo atajisikia nyumbani. Ndani ya ukumbi wa zamani wa mnada, uliojengwa 1896, bendi inapiga, na waliokesha Reeperbahn, mtaa wa starehe za usiku, wanakunywa bia yao ya mwisho kando ya wazee waliotoka kitandani. Ukitaka bei nzuri, nenda dakika za mwisho.

Maji yanajaa na kupwa?

Inategemea bahari. Hamburg, japo iko mbali na bahari, maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3.5 mara mbili kwa siku. Landungsbrücken yenyewe ni pantoni inayoelea, karibu meta 700, na daraja la kushukia huwa bapa maji yakijaa na mteremko mkali yakipwa. Boti za kuingia mifereji ya Speicherstadt, mtaa wa maghala ya zamani, nazo hutegemea maji: yakipwa mifereji hukauka, yakijaa sana hazipiti chini ya madaraja. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Lübeck, Kiel na Rostock hakuna bamvua wala maji mafu ya kusema. Baltiki hutulia hapohapo, tofauti ni sentimeta tu.

Dhoruba ikisukuma maji kutoka Bahari ya Kaskazini, Fischmarkt hufunikwa, na magari yaliyoachwa hapo huelea. Usiku wa Februari 16 kuamkia 17 mwaka 1962 kuta za kuzuia maji zilivunjika na watu 315 walikufa Hamburg. Wazee bado wanausimulia usiku huo.

Kuna njia ya kupita chini ya mto?

Ipo, bure kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ni handaki la mwaka 1911, meta 426, lililojengwa ili wafanyakazi wa viwanda vya meli wavuke kwenda kazini. Unashuka kwa lifti kubwa zilizobeba hata magari. Ukutani kuna michoro ya udongo wa kuchoma: samaki, kaa, na panya wakizunguka kiatu kikuukuu. Ukitokea ng'ambo, geuka. Hapo ndipo mji unapoonekana vizuri.

Naweza kuingia gatini kabisa?

Peke yako, hapana. Kuna ziara za basi zinazoingia, lazima pasipoti. Kama wewe au ndugu yako ni baharia, Duckdalben, klabu ya mabaharia ya Hamburg iliyofunguliwa 1986, huwachukua watu kutoka melini kwa gari na kuwarudisha. Na huko Wedel, upande mto unakoelekea baharini, meli hupigiwa wimbo wa taifa la bendera yake. Desturi hiyo ilianza 1952.

Kiel kuna nini zaidi?

Mfereji wa karibu kilomita 99, uliofunguliwa 1895, unaounganisha bahari mbili. Simama kwenye malango ya Holtenau uangalie meli zikipita. Halafu ule Kieler Sprotten, samaki wadogo wa moshi wanaoliwa kichwa mpaka mkia. Dagaa, kwa kifupi.

## Sisi na wao

Kuna uhusiano wa kweli kati ya bandari hizi na pwani yetu?

Mkubwa, na si wote mtamu. Wafanyabiashara wa Hamburg, kama kampuni ya O'Swald, walikuwa na maduka Unguja katikati ya karne ya 19, na mwaka 1859 miji ya Hansa iliwekeana mkataba na Sultani. Karafuu zilipita kwenye maghala ya Hamburg. Ingia Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yaliyoanza kujengwa 1883 baada ya kuhamishwa watu kama 20,000. Leo ni urithi wa dunia. Ukinusa heringi wa siki vizuri, huenda ukapata karafuu na pilipili manga kwa mbali. Viungo vyetu waliviuza sana. Kwenye sufuria zao waliviweka kwa kijiko kidogo tu.

Mwaka 1890 ilianzishwa Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, wakati Wajerumani wakitawala Tanganyika. MV Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na kuunganishwa upya Kigoma.

Kuna pia sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani 1889. Ilisimamishwa Dar es Salaam 1909. Baada ya Wajerumani kushindwa ilipelekwa Hamburg, ikawekwa mbele ya chuo kikuu 1922, na wanafunzi wakaiangusha 1968. Dar es Salaam, mahali pake pana Askari. Bremen, nyuma ya stesheni, kuna tembo mkubwa wa matofali aliyejengwa kusifu ukoloni. Sasa ni mnara wa kuupinga. Tangu 2010 Dar na Hamburg ni miji dada.

Nimesikia binti wa Sultani amezikwa Hamburg. Ni kweli?

Kweli. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mume alikufa 1870 kwa ajali ya tramu, akaachwa na watoto watatu katika nchi ya baridi. Alifariki 1924, akazikwa makaburi ya Ohlsdorf. Makaburi hayo ni makubwa kiasi cha kuwa na mabasi ndani. Omba ramani langoni.

## Madogo yanayosumbua

Fedha taslimu au kadi?

Beba taslimu. Vibanda vingi vya samaki havitaki kadi, au vinataka kadi ya benki ya hukohuko. Bakshishi ni asilimia 5 hadi 10: mtajie mhudumu jumla unayotaka akate, usiache sarafu mezani. Jumapili maduka hufungwa, nunua mahitaji Jumamosi.

Kwa nini nimetozwa zaidi kwenye chupa ya maji?

Ni amana. Senti 25 kwa chupa nyingi za plastiki na makopo, senti 8 kwa chupa za bia za glasi. Irudishe kwenye mashine ya supamaketi. Kama huna nafasi, iache kando ya pipa, si ndani. Kuna watu wanaojipatia riziki kwa kuziokota.

Shakwe ni hatari kweli?

Kwa mkate wako, ndiyo. Warnemünde na Travemünde, kwenye ufukwe wa Baltiki, ndiko wababe. Huja kutoka nyuma, kimya, na humfuata anayetembea huku anakula. Simama mgongo ukutani. Kuwalisha kumepigwa marufuku sehemu nyingi na faini ipo.

Naweza kumpelekea ndugu yangu dagaa, embe na maziwa ya nyumbani?

Dagaa ndiyo: samaki kwa matumizi ya nyumbani wanaruhusiwa hadi kilo 20. Nyama na maziwa kutoka kwetu hapana, hata kidogo, hata vya kukaushwa. Embe zinataka cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende hazihitaji. Funga dagaa kwa mifuko mitatu, si kwa ajili ya forodha, ni kwa ajili ya nguo zako.